Tazamo Moja kwa Watu Wawili

Nchi ya Usitara haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuifungua, na mimi nimefungua nyingi, kwa kuwa nilisomea ukutubi chuoni na nimekaa na ramani kuliko nilivyokaa na watu. Naieleza hapa kama nilivyoikuta. Sikwenda kuichunguza. Nilikwenda kwa ajili ya rafiki yangu Ansila, ambaye daktari alimwambia kwamba macho yake yanajifunga taratibu kutoka ndani, kwamba hakuna dawa wala upasuaji wa kuyazuia, na kwamba kama kuna kitu anachotaka kukiona, akione mapema.

Ansila alinipa habari hiyo akiwa anasukuma chapati, kama mtu anayesema sukari imeisha. Alipomaliza chapati ya mwisho akasema anataka kwenda kuona Maporomoko ya Mvumo. Alisikia habari zake tangu utotoni kwa mama yake mdogo: maji yanaanguka kutoka juu sana hata yanageuka moshi kabla ya kufika chini, ngurumo yake inasikika mbali kabla hujayaona, na barabara ya kwenda huko inazunguka mabonde ambayo mtu akiyaona husahau alichokuwa anagombania nyumbani.

"Twende mimi na wewe tu, Bahiya," alisema. "Wewe huna maneno. Sitaki mtu wa kunipigia domo pale."

Tulianza kupanga. Ansila ni fundi cherehani, mimi nilikuwa msaidizi katika maktaba ndogo, na fedha zetu zilitosha kwa mafuta ya gari na mengine machache. Kaka yake alituazima gari lake kuukuu. Tukasema tutachemsha mayai na viazi vitamu, tutabeba birika letu, tutalala ndani ya gari. Hoteli tukaifuta, picha tukazifuta, nguo mpya tukazifuta. Kila jioni tulikaa kwenye mkeka wake tukipunguza kitu kingine, na kila tulichopunguza kilitufurahisha, kwa sababu safari ilizidi kuonekana kama kitu kinachowezekana. Mwisho kilibaki kitu kimoja tu, yaani kutazama. Hicho hatukukipigia hesabu. Tuliambiana kwamba kutazama ni bure.

Njia tuliyopita mpaka mpakani haina la kusimuliwa. Nianze na mapazia.

Barabara ya Usitara imefungwa mapazia pande zote mbili. Ni marefu kupita nyumba ya ghorofa, rangi yake ya majivu, yamening'inizwa kwenye nguzo za miti iliyonyooka. Yanaanzia kwenye kizuizi cha mpaka na hayana mwisho unaoonekana. Juu kuna ukanda mwembamba wa anga, mbele kuna lami, basi. Ansila alidhani kuna ujenzi unaendelea. Aliteremsha kioo akamuuliza mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kizuizi mandhari yenyewe inaanzia wapi.

"Mmeshaingia, wanangu," mwanamke alijibu. "Iko nyuma ya pazia. Imepumzika."

Huyo alikuwa Bi Shuwena, kiongozi wetu, maana Usitara mgeni hatembei bila kiongozi. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye chupa ya chai iliyoning'inia begani kwa kamba. Aliingia kiti cha nyuma, akasogeza mfuko wetu wa chakula, akauliza nani aliyechemsha mayai haya, kwa kuwa yamechemshwa mpaka yamekosa ladha. Kisha, akiwa anamenya moja, akatueleza sheria.

Wasitara wanaamini kwamba mandhari huchakaa kwa kutazamwa. Kama nguo inavyopauka kwa jua, vilima vinapauka kwa macho. Ushahidi wanao: wazee wao wote wanakumbuka vilima vya kijani kuliko vya sasa, na zamani hizo watazamaji walikuwa wachache. Kwa hiyo serikali yao ilitundika mapazia, ikaanzisha Idara ya Kutunza Mandhari, na ikaamua kwamba tazamo ni mali ya taifa na litauzwa kwa kipimo. Wageni wenye uwezo hupita katika magari marefu, na mapazia yote hufunguliwa mbele yao, bonde zima kwa mara moja. Bi Shuwena alisema hao hawachakazi sana, kwa sababu wengi wamelala, na walioamka wanajipiga picha wakiwa wameipa mandhari mgongo. Wenye uwezo wa kati hununua matundu ya kuchungulia kwenye pazia. Watu wa mfuko kama wetu wanaruhusiwa tazamo la shirika, yaani tazamo moja, mahali pamoja, kwa watu wawili. Mmoja anaitwa mtazamaji, na ndiye anayeona. Wa pili anaitwa msimuliwa. Huyo hufungwa kitambaa machoni tangu tazamo linapoidhinishwa mpaka anapovuka mpaka kurudi kwao, asije akaiba chochote njiani.

Nilimuuliza Bi Shuwena, kwa adabu, kama yeye amewahi kuona. Alisema alizaliwa mita chache kutoka kwenye bonde kubwa kuliko yote, upande wa pili wa kitambaa. Madirisha ya Usitara yote yanatazama uani.

"Mwanangu, nimewaongoza watu tangu nina meno yangu yote," alisema. "Nimekaa pembeni nikisikiliza wakisimuliana mpaka nayajua kwa moyo. Mume wangu alinioa kwa kunisimulia bonde ambalo naye alisimuliwa. Nikiliona nitaongezewa nini?"

Kisha aliomba yai la pili.

Kwetu sisi hapakuwa na mjadala. Ansila atatazama, mimi nitafungwa. Nilimwambia giza langu mimi lina mwisho. Alinipiga kofi dogo la begani, akasema atanisimulia mpaka nimkome.

Katika mji wa Idara kuna chumba cha kupimia macho. Ukutani imechorwa picha ya Maporomoko ya Mvumo, kubwa kama ukuta wenyewe: maji meupe, msitu mzito, upinde wa mvua. Mwombaji anasimama nyuma ya mstari wa chaki na kusema anachokiona. Mimi nilisema naona maporomoko. Ansila alikunja uso, akapeleka kichwa mbele, akakirudisha.

"Naona ukuta wenye kitu cheupe," alisema.

Msimamizi wa Pazia, Bwana Hatibu, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kuongelea hospitalini. Alimweleza kwamba sheria hairuhusu tazamo la taifa kutupwa kwenye jicho bovu. Ansila akamjibu kwamba ndiyo sababu amekuja, kwamba mwenye macho mazima ana kesho na kesho kutwa, na yeye hana. Bwana Hatibu alisikitika, na nadhani alisikitika kweli. Alisema shauri la namna hiyo liko juu ya cheo chake, akalipeleka kwenye Baraza.

Baraza la Usitara hukaa hadharani, na wageni wanakaribishwa kwenye mabenchi ya nyuma. Tulikaa pale siku nyingi. Kabla ya shauri letu yalikuwapo mengine. Walijadili kama kupepesa macho kunakata tazamo kuwa matazamo mawili. Walijadili suala la mbuzi, ambao hupenya chini ya mapazia na kutazama bila kulipa. Mjumbe mmoja alitaka mbuzi wote wafungwe vitambaa, hoja ikaanguka baada ya mwingine kueleza kwamba mbuzi hasimulii, hivyo hasara haisambai. Walijadili ndoto. Mtu mmoja alikuwa ameota bonde waziwazi na kumwambia jirani yake, na jirani, kwa uzalendo, alikuwa amemshitaki.

Shauri la Ansila lilipofika, lilipokewa kwa heshima kubwa. Mjumbe wa kwanza alionya kwamba huruma isiingizwe katika utunzaji. Wa pili alipendekeza Ansila aruhusiwe nusu ya tazamo, kwa jicho moja, na asubuhi nzima ikaenda katika kubishana jicho lipi. Wa tatu, msomi anayeheshimika sana, alisema mtu anayekwenda kupofuka ndiye mteja bora kuliko wote, kwa kuwa hatarudi kutazama tena na kuichakaza mandhari. Alipigiwa makofi marefu. Mkono wa Ansila ulinibana goti. Ndipo wa nne akauliza itakuwaje vipofu watarajiwa wa dunia nzima wakisikia habari hizo na kumiminika, na makofi yakahamia kwake. Shauri likapelekwa kwenye kamati. Kamati ikaenda kunywa chai, na chai ya Usitara ni ndefu.

Wiki hizo Ansila alikuwa anapoteza nuru ya macho. Tulipoanza kukaa pale aliweza kuniambia rangi za kofia za wajumbe na kuzicheka. Baadaye akawa ananiuliza nani anasema sasa. Asubuhi moja alimimina chai kando ya kikombe na kuendelea kumimina, uso wake umetulia, mpaka ikamfikia mapajani. Alifuta meza kwa ncha ya kanga. Kesho yake, alipoinua birika, nilikisogeza kikombe mpaka kikawa chini ya mdomo wa birika. Hakujua, au alijua akaniachia.

Mchana, kamati ikiwa chaini, tulikwenda kukaa kwenye udobi wa Idara, nyuma ya jengo la Baraza. Mapazia yale hupigwa vumbi na magari, na Wasitara wanaona aibu pazia la taifa kuwa chafu. Kwa hiyo yanafuliwa muda wote, zamu kwa zamu. Mfereji mpana wa saruji unaleta maji kutoka mbali, mengi, yanakuja kwa kasi, na wanawake wamesimama ndani yake mpaka magotini wakikanyaga vitambaa. Povu na uchafu vinatiririka upande wa pili kwenda nyikani. Ansila alipenda pale kwa sababu ya sauti. Alifumba macho akasikiliza.

"Kama huku udobini maji ni haya," alisema, "basi kule kwenyewe."

Nami niliwaza hivyo hivyo.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa mfupi. Mimi ni mtazamaji, Ansila ni msimuliwa, afungwe leo. Ansila aliomba jambo moja, kwamba kitambaa kisubiri mpaka Mvumo, ili njiani aone basi hata lami, hata mbuzi, hata mimi. Bwana Hatibu alisema sheria inahesabu tangu siku ya uamuzi na kwamba yeye angependa iwe vingine. Ansila alinigeukia akaniangalia muda mrefu, akisogea karibu sana.

"Umekonda," alisema. "Au ni mimi."

Halafu akainamisha kichwa mwenyewe ili wasihangaike kukifikia.

Bwana Hatibu alinisomea kanuni kwa kinywa, kama kila mtazamaji anavyosomewa. Pazia likishafunguliwa halifungwi mpaka mtu aseme alichokiona. Mtazamaji akikosa kuona, maana yake macho yake ni mabovu, na atafungwa yeye. Mwenzake atafunguliwa na kuchukua nafasi, awe na macho ya namna yoyote, kwa kuwa tazamo lililokwisha kufunguliwa haliwezi kubaki bila mwenyewe. Aliongeza kwamba nisiwe na hofu, kwani wote wanaona.

"Wote?" Ansila aliuliza kutoka ndani ya kitambaa.

"Wote, dada yangu. Hatujapata malalamiko."

Tulikwenda Mvumo kwa mwendo wa pole, mapazia kulia na kushoto. Ansila alikaa pembeni yangu, mikono juu ya mapaja, akinusa. Tulipokaribia alianza kugeuza kichwa huku na huku. Tulipofika, gari likazima, akabaki amekiinamisha upande mmoja.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Mama mdogo alisema unayasikia kabla hujayaona."

Bwana Hatibu, aliyetutangulia na watu wake, alimjibu bila kusita. Zamani ndivyo ilivyokuwa, alisema, lakini ikagundulika kwamba watu walikuwa wakisikia bila kulipa. Kelele zimedhibitiwa. Bi Shuwena alikuwa anafunga na kufungua kifuniko cha chupa yake ya chai.

Walinisimamisha kwenye jiwe la mtazamaji. Ansila wakamsimamisha nyuma yangu, hatua chache, pamoja na Bi Shuwena. Kamba ikavutwa na pazia likapanda.

Niliona jabali refu, kavu kuanzia juu mpaka chini. Mahali maji yalipokuwa yakipita zamani palikuwa na doa jeupe la chokaa, pana, likishuka mwamba mzima. Chini palikuwa na tope lililokauka na kupasuka. Kuzunguka pande zote, kwenye vilima mpaka upeo wa macho, palikuwa na visiki. Nilizikumbuka nguzo za mapazia, urefu wa barabara yote. Juu ya jabali, mahali mto ulipopaswa kuruka, palikuwa na mdomo wa saruji ulioukamata na kuugeuza. Mfereji ule niliujua. Niliukalia kandokando kwa wiki kadhaa, nikisikiliza maji yake na rafiki yangu.

Nyuma yangu walisubiri. Ilikuwa rahisi kusema picha ya ukutani. Niliikumbuka yote, na sasa nilielewa kwa nini hakuna malalamiko. Nani aazime gari, achemshe mayai, amfunge mwenzake uso, kisha ageuke na kusema hakuna? Ningesema upinde wa mvua na Ansila angerudi nyumbani na upinde wa mvua. Lakini nilikumbuka kanuni. Nikisema nilichokiona, kitambaa kitatoka kwake. Angeona jabali kavu, lakini lingekuwa jabali la kweli, mchana, kwa macho yake, na huenda lisipatikane jingine.

"Bahiya," alisema. "Niambie."

Maisha yangu yote nimeongea kwa kunong'ona, na hata pale sauti yangu haikupanda.

"Hakuna maji," nilisema. "Ni jiwe tupu. Mto wameupeleka kufulia mapazia."

Nilitegemea hasira. Hapakuwa na hasira yoyote. Bwana Hatibu alinijia na uso uleule aliomsikitikia nao Ansila. Aliniuliza kwa upole tangu lini macho yananisumbua. Mmoja wa watu wake aliniletea kiti. Mwingine alisema huwa ni uchovu wa safari, na wa tatu akakubali, na wakati wakikubaliana hivyo kitambaa kilikuwa kimeshanizunguka kichwa. Kilinukia sabuni, na ndani ya sabuni kilinukia mto.

Nikasikia miguu ya Ansila ikinipita. Nikasikia wakimwambia asimame wapi. Kisha kwa muda mrefu sikusikia chochote, na katika ukimya ule nilimwomba Mungu amwonyeshe kitu, hata ndege.

Ansila akaanza kusema.

Alisema maji ni meupe na yanaanguka polepole kuliko alivyodhania, kama kitambaa kizuri kinachofunguliwa dukani kutoka kwenye robota. Alisema katikati ya njia yanaachana na mwamba na kuwa moshi. Alisema msitu unaning'inia ukingoni, majani yamelowa, na kuna mahali jua limepenya na kuweka rangi. Alisema hewa ina ubaridi wa kwenye mtungi. Aliendelea, hakuharakisha, na kila alipofika mahali pa kunyamaza alivuta pumzi na kuongeza kitu kidogo, jani, unyevu, kivuli. Bi Shuwena alikuwa analia kwa sauti ya chini. Mimi nilisimama gizani nikisikiliza, na hapakuwa na mlio wowote wa maji duniani, na bado nilinyoosha kiganja kupokea matone.

Alipomaliza, watu wa Idara walipiga makofi. Bwana Hatibu alisema kwa furaha kwamba haya sasa ndiyo macho, kwamba chumba cha kupimia kilikosea, na kwamba atalijulisha Baraza lijirekebishe. Pazia likashuka.

Katika njia ya kurudi, dereva wa Idara alituendeshea gari. Mimi nilikuwa nimefungwa, na Ansila, licha ya sifa zake mpya, hakuweza. Alinishika mkono mwendo wote. Bi Shuwena alimwomba arudie ile sehemu ya kitambaa kinachofunguliwa dukani, naye akairudia, na mara ya pili ilikuwa nzuri zaidi.

Mpakani walinifungua. Dereva alishuka, Bi Shuwena akaenda kwenye kiti chake cha plastiki, na sisi tukabaki kando ya gari. Jua liliniumiza. Ansila alikuwa ameelekeza uso wake kwangu, lakini pembeni kidogo, kwenye sikio langu.

"Uliona nini?" nilimuuliza.

"Ukuta wenye kitu cheupe."

"Mbona ulisema vile?"

"Nilikutafuta kwanza wewe. Umefungwa, umesimama kama mtoto anayesubiri sindano." Alipapasa mkono wangu mpaka akakipata kiwiko. "Nilikuahidi nitakusimulia. Halafu nilipoanza, nikaona na mimi nayataka. Usinirekebishe, Bahiya. Ndicho cha mwisho nilicho nacho."

Sikumrekebisha.

Upande wa pili wa kizuizi palikuwa na gari jingine dogo, na mtu na mkewe, watu wa makamo, wanasubiri kiongozi. Walikuwa na maandazi kwenye mfuko na mwavuli mpya kwa ajili ya manyunyu. Mume alisema wamejinyima muda mrefu, na wamekubaliana mke ndiye atazame, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyatamani maporomoko tangu usichana. Kisha walituuliza kukoje huko. Ansila aliigeukia sauti akaanza kuwaambia: maji yanavyofunguka, moshi, rangi ya jua kwenye majani. Mke alijishika kifua. Mume alitabasamu akimwangalia mkewe, na nikaona kwamba kesho au kesho kutwa watamfunga kitambaa yule bwana, na kwamba tabasamu lile ndilo la mwisho atakalolitazama mpaka wavuke mpaka kurudi kwao.

Mimi ambaye sijawahi kumkata mtu kauli, nilimkata Ansila.

"Hakuna maji kule," nilisema. "Tafadhali rudini nyumbani. Hakuna maji, nimeona mwenyewe."

Waliniangalia. Nilikuwa bado na alama ya kitambaa kwenye paji la uso. Wakamgeukia Bi Shuwena, naye kutoka kwenye kiti chake akawaeleza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, ni nani kati yetu aliyeonekana ana macho mabovu.

Mke alinijia akaniwekea mkono begani.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Usikate tamaa. Siku hizi macho yanatibika."

Mume alifungua mwavuli kuujaribu, akaufunga. Ansila alikuwa anapapasa ubavu wa gari, akitafuta mlango.